Kengele ya Mgeni

Shuleni kwetu, huku upande wa Mollo, kengele ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi karibu na geti. Mlinzi wetu, Mzee Ezekiel, huigonga kwa kipande cha nondo. Kwa vipindi vya kawaida huigonga polepole, kama mtu anayefikiri. Lakini akiona gari jeupe linaacha barabara kubwa na kupinda kuja kwetu, huigonga haraka haraka bila kupumzika, na mlio huo wanafunzi wote wanaujua. Ni kengele ya mgeni.

Ikilia hiyo, kila mwenye klabu hukimbilia vifaa vyake. Mgeni akishuka kwenye gari hukuta skauti wamepanga mstari na bendera yao, klabu ya mazingira wameinama kwenye vitalu vya miche, wa midahalo wamegawana pande mbili ndani ya bwalo, wa kupinga rushwa wameshika bango, na nyuma ya jiko wa ngoma wameanza nsimba. Ngoma hiyo ya Wafipa haipigwi kwa mkono. Kigoda husuguliwa juu ya chungu mpaka chungu kingurume, na mngurumo wake ukipatikana vizuri unausikia tumboni kabla ya masikioni.

Aliyeupanga utaratibu huo wote ni mwalimu wa Jiografia, Madam Tusekile, ambaye habari zake ndizo ninazotaka kuzieleza.

Alikuja kwa ajira ya kwanza, akitokea Tukuyu. Alishuka stendi ya Sumbawanga mwezi wa saba akiwa na sweta jepesi, maana alijiona mtoto wa nchi ya baridi. Hakujua kwamba baridi ya kwao ina migomba na miti ya kuikinga, na ya Ufipa haina kitu. Upepo wa huku hutoka mbali, hupita juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa na kuingia darasani kwa dirisha moja na kutoka kwa jingine. Wiki ya kwanza alifundisha huku amejifunga khanga kichwani, na wanafunzi wakamwita Bibi. Jina hilo lilidumu muhula mmoja tu, likasahaulika.

Alianza na midahalo. Mwalimu aliyekuwa akiisimamia alipata uhamisho wa kwenda Chala, na Mkuu wa Shule akamwomba Tusekile aishike kwa muda. Muda huo haukuisha. Baadaye mwalimu wa skauti akaenda kusoma, na skauti nao wakaja kwake. Mazingira ilimfikia kwa sababu ni mwalimu wa Jiografia. Kupinga rushwa ilimfikia kwa sababu hakuna aliyeitaka. Klabu ya afya ilitoka kwa mwalimu aliyejifungua na hakuiulizia tena. Ya ngoma aliianzisha mwenyewe, baada ya kumkuta mpishi wetu, Mama Zita, akiwaonyesha wasichana jinsi ya kukisugua kigoda wakati wakisubiri maharage yaive.

Shuleni kwetu klabu haiachwi hivi hivi. Aliyeishika anaendelea nayo mpaka atafute mwenyewe wa kumpokea, ampeleke kwa Mkuu, na huyo aseme kwa mdomo wake kwamba amekubali. Ni desturi tuliyoikuta, na hakuna anayekumbuka nani aliianza. Kwa hiyo wenye busara hawakushika chochote.

Mkuu wetu, Mwalimu Nestory, si mtu mbaya. Kila mwalimu alipoondoka alitazama ni nani asiye na haraka ya kurudi nyumbani jioni, na kila mara macho yake yalitua palepale. Alimweleza Tusekile kwamba wenzake wana watoto hapa, yeye jioni zake ni zake. Tusekile alitabasamu, akachukua funguo za stoo.

Ukweli ni kwamba mtoto alikuwa naye. Alimwacha Tukuyu kwa mama yake mzazi angali ananyonya, akikusudia kumchukua akishapata nyumba ya shule. Nyumba ilipopatikana ilikuwa na dirisha lisilo na kioo, mtoto ana kifua, bibi yake akasema aache kwanza. Mwaka ukapita, na mwingine. Baba wa mtoto hakuwa mtu wa kutegemewa kwa lolote. Mtoto huyo, Gift, sasa alikuwa amemaliza darasa la saba, na alimjua mama yake zaidi kwa simu. Huko kwao bibi alizoea kusema, "Madam amepiga," "Madam ametuma sukari." Siku moja Gift akapokea simu na kusema kwa utani, "Shikamoo, Madam." Wakacheka wote, bibi huko na mama huku. Lakini ikawa ndiyo salamu yake, na Tusekile akaendelea kuitikia marahaba kama anavyowaitikia wanafunzi getini.

Klabu zilikuwa nyingi, ila watoto walikuwa walewale. Wa kutoka mbali walitaka kuwahi nyumbani, wengine walikuwa na ng'ombe wa kufungia, wengine hawakupenda tu. Waliobaki ni kundi dogo lililojitolea kwa kila kitu. Coleta, msichana wa Kidato cha Nne kutoka Kaengesa, alikuwa mwenyekiti wa mazingira, msemaji mkuu wa midahalo na msuguaji wa kigoda. Shigela, mvulana mrefu wa familia ya wafugaji wa Kisukuma, alikuwa kiongozi wa skauti na mshika bango la kupinga rushwa. Kengele ya mgeni ikilia, mgeni akipelekwa upande mmoja, wao walizunguka nyuma ya jiko, wakavua skafu, wakafunga khanga au kushika jembe, wakatokea upande wa pili wakihema. Mgeni mmoja aliwahi kumwuliza Coleta kama ana pacha. Coleta akajibu kwa heshima kwamba pacha wake yuko skauti.

Tusekile alicheka sana siku hiyo. Miaka ilivyokwenda akaacha kucheka. Kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho walimu wenzake walivaa makoti yao na kuaga, naye akashika filimbi. Sauti ilikuwa imeharibika kwa vumbi na kupaza. Miguu ilimvimba ikawa anavaa ndala mpaka uwanjani, jambo ambalo zamani asingelikubali. Ungemwona amesimama katikati ya uwanja, skauti upande huu, miche upande ule, akigeuka polepole kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Ndipo akaanza kutafuta wa kubadilishana naye. Walimu wana utaratibu huo: unatafuta mwenzako wa somo lako, aliye huko unakotaka kwenda na anayetaka kuja ulipo, mnaombeana. Aliingia kwenye kundi moja la WhatsApp la walimu wanaotafutana, na kwa muda mrefu akawa anaona watu wanaotaka Dodoma na Arusha. Sumbawanga haikutajwa. Halafu akatokea Mwalimu Isdori. Alikuwa akifundisha Jiografia Rungwe, si mbali na kwa mama yake Tusekile, na kwao ni Kaengesa. Baba yake alikuwa mzee wa kuongozwa kwa mkono, na dada yake Josefina alikuwa amechoka kumtunza peke yake. Aliitaka Mollo kwa sababu akimaliza kufundisha angepanda pikipiki na kulala kwa baba yake.

Tusekile alimpelekea Mkuu habari hizo. Siku hizi maombi hupitia kwenye mfumo wa kompyuta, lakini mfumo nao unamsubiri Mkuu abonyeze kwamba ameridhia. Mwalimu Nestory alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema hana sababu ya kumzuia mama asiende kwa mtoto wake. Sharti lake lilikuwa lilelile la siku zote: anayekuja aseme kwa mdomo wake kwamba anapokea mzigo wote, madarasa na klabu. Walimu waliotangulia walimwachia mashimo, naye hakutaka shimo jingine.

Tusekile hakubisha. Alimwalika Mwalimu Isdori aje aione shule, na akamchagulia Alhamisi. Ijumaa ndiyo siku ya klabu. Alhamisi shule hutulia, utasikia tu mwalimu wa Hisabati akigonga ubao. Alikusudia mgeni aone darasa, nyumba, maji ya bomba, apende. Habari ya klabu angemweleza baadaye taratibu, moja baada ya nyingine, kama yeye mwenyewe alivyopewa.

Mwalimu Isdori alilala kwa baba yake Kaengesa, na angekuja kwa bodaboda. Lakini asubuhi hiyo gari la misheni lilikuwa likitoka Kaengesa kwenda mjini, na dereva, aliyekuwa jirani yao, akamwambia apande, atampitisha. Lilikuwa gari jeupe. Mzee Ezekiel aliliona likipinda, akaona ndani yake mtu mwenye koti na faili mapajani, akakimbilia nondo.

Tusekile alikuwa darasani na Kidato cha Pili. Aliposikia mlio ule alisimama na chaki mkononi. Watoto walishaanza kuruka madawati. Hakuwazuia. Alitoka nje akiwa anajifuta mikono, na mpaka anafika getini kila kitu kilikuwa tayari, na hakikuwahi kuwa tayari vizuri namna ile. Bendera ilikuwa imenyooka. Shigela alipiga saluti mpaka kofia ikayumba. Coleta alikuwa kwenye miche akieleza habari za mmomonyoko wa udongo kwa sauti ya kiongozi wa ibada, na chungu kikanguruma.

Mwalimu Isdori alizungushwa kote. Mwanzoni alifurahi, akapiga picha. Kisha akawa anatembea taratibu zaidi. Walipofika kwenye bango alimgeukia mwenyeji wake na kumwuliza, "Madam, hizi zote ni zako?"

Kabla Tusekile hajajibu, Coleta, aliyewahi kufika pale kwa kuzunguka jiko, akamjibia kwa majivuno.

"Zote ni za Madam, mwalimu. Na nyingine hujaziona, wamekwenda kuchota maji."

Walikunywa chai jikoni kwa Mama Zita. Mwalimu Isdori aliuliza maswali machache, ya mtu mzima: klabu zinakutana lini, zinaisha saa ngapi, na kama wenzake wanamsaidia. Tusekile alijibu yote bila kupunguza kitu, maana yote yalikuwa yameshaonekana. Mgeni alimaliza kikombe, akakifunika.

"Dada," akasema, "mimi narudi nyumbani kumtunza mzee. Sirudi kuoa shule."

Akaomba radhi. Alisema asichukuliwe vibaya, kazi ni nzuri, watoto ni wazuri mno, ila yeye jioni anatakiwa awe Kaengesa. Aliondoka kwa miguu hadi barabara kubwa, maana gari la misheni lilishakwenda mjini.

Mzee Ezekiel alipoelewa alichokifanya alikuja mpaka mlangoni kwa Tusekile, kofia mkononi. Alieleza kwamba aliona gari jeupe, akadhani ni ukaguzi. Tusekile alimwambia hakukosea. Ndivyo alivyomwelekeza mwenyewe: gari jeupe, kengele. Akamwomba aingie anywe uji. Mzee alikataa, akarudi getini.

Ijumaa iliyofuata Tusekile alitoka na filimbi kama kawaida. Hakumlaumu mtu yeyote. Alisimamia klabu zote, akafunga stoo, akaenda kulala bila kupiga simu Tukuyu.

Lakini Mama Zita alikuwa amesikia yote akikoroga chai, na Mama Zita hajawahi kusikia jambo likaishia kwake. Alimweleza Coleta wakati wakichambua maharage. Coleta alijua ni yeye aliyejibu lile swali.

Wanafunzi wetu wa midahalo wana kanuni kwamba mtu hachagui upande. Unachomoa kikaratasi kwenye kofia, ukiangukia kutetea unatetea, ukiangukia kupinga unapinga, hata kama moyo wako uko kwingine. Wiki ile walikutana bwaloni bila kumwambia mwalimu. Hoja waliiweka wenyewe: klabu zifungwe ili Madam aende kwao. Coleta alichomoa kikaratasi, akaangukia upande wa kupinga. Wanaosimulia wanasema hakuwahi kuzungumza vizuri kama siku ile. Alisema klabu ndizo zilizomfanya aache kuogopa watu. Akasema shule bila klabu ni kituo cha kungojea mtihani. Akauliza nani atawafundisha wa Kidato cha Kwanza. Baadhi yao walikuwa wanalia, na Shigela, aliyekuwa upande wa kutetea, alisimama kumjibu, akakaa tena. Wakapiga kura. Coleta akashindwa kwa kura chache, na yeye mwenyewe, akiwa huru sasa kufuata moyo wake, alikuwa miongoni mwa waliompigia Shigela.

Ijumaa Tusekile alifika uwanjani hakukuta mtu. Ng'ombe wa Ngeleja, baba yake Shigela, walikuwa wakila majani pale ambapo skauti husimama. Kila wiki skauti ndio waliowafukuza. Aliporudi alikuta vifaa vyote vimepangwa kwenye benchi mbele ya mlango wake: skafu zimekunjwa, bendera, bango, majembe yameoshwa. Shigela na Coleta walikuwa wamesimama kando.

Kwanza alikasirika. Aliuliza nani amewaruhusu kuamua mambo ya shule. Aliuliza kama wanajua imechukua muda gani kuipata ile bendera. Alimkumbusha Shigela kwamba alikuwa akitegemea cheti cha skauti akienda kuomba jeshi. Shigela alitazama chini mpaka alipomaliza.

"Sisi tunamaliza mwaka huu, Madam," akasema. "Wewe humalizi."

Tusekile alikaa kwenye benchi, katikati ya skafu. Coleta akamweleza habari ya kura, na kwamba upande wake umeshindwa kihalali. Tusekile alimwuliza kama alitoa ile hoja yao ya kungojea mtihani. Coleta akasema aliitoa. Mwalimu akaitikia kwa kichwa kwamba ilikuwa hoja nzuri. Kisha akawaambia waende nyumbani, baridi inaingia, naye akabaki pale mpaka Mama Zita alipokuja kumsaidia kuingiza vitu ndani.

Mama Zita na Josefina, dada yake Mwalimu Isdori, walijuana tangu usichana wao. Haikupita muda Josefina akapata habari kwamba shule ya Mollo siku hizi imetulia, hakuna klabu hata ya dawa. Na kwa kuwa baba yao alikuwa ameanguka akienda kisimani, Mwalimu Isdori aliomba ruhusa akaja kumwona, na Ijumaa moja akafika shuleni kwa bodaboda. Mzee Ezekiel alimfungulia geti. Nondo aliishika mkononi muda wote na hakuigonga.

Tusekile alitembea naye. Bwalo lilikuwa limefungwa. Vitalu vya miche vilikuwa vimeanza kuota magugu. Uwanjani walikuwapo ng'ombe tu, na upepo. Mgeni alitazama huku na huku, akawa anapumua vizuri, akaanza kusema habari za shamba la baba yake, kwamba akija atafufua matuta yaliyoachwa na kupanda maharage. Tusekile aliitikia. Alionekana kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni na bado hatua chache kufika mlangoni.

Walipokaribia jiko ukasikika mngurumo. Ulikuwa mdogo, wa kuzuiwa, ukitokea stoo ya kuni ambayo mlango wake ulikuwa umerudishiwa. Watoto wa ngoma walikuwa wamefunga klabu kama wengine, ila chungu hawakuweza kukiacha. Walikuwa wakijifungia humo na kusugua polepole, wakidhani hakisikiki. Tusekile alikohoa. Akaongeza sauti, akaanza kusimulia habari za bomba la maji. Mwalimu Isdori alikuwa amesimama na hamsikilizi tena.

"Nini kile?" akauliza, ingawa hakuna Mfipa asiyejua kile ni nini.

Tusekile angeweza kusema ni wapishi. Mama Zita, aliyekuwa mlangoni na mwiko, alishafungua mdomo kusema hivyo. Tusekile alimtazama, akamzuia kwa mkono.

"Ni watoto," akasema. "Klabu zipo, mwalimu. Wamezificha ili wewe uje, mimi niende. Ukishahamia watakuja mlangoni kwako mmoja mmoja, na hutaweza kuwafukuza. Afadhali ulijue hilo sasa."

Alisema hivyo bila huzuni, kama anavyotangaza matokeo ya mtihani. Kisha akakaa kwenye gogo la kupasulia kuni, kwa sababu miguu ilikuwa imemchosha.

Mwalimu Isdori aliusukuma mlango wa stoo. Coleta alikuwa amepiga magoti juu ya maganda ya kuni, mikono yote miwili kwenye kigoda, amejaa vumbi. Aliachia mara moja, akasimama, akasema shikamoo. Mgeni aliitikia, akakitazama chungu. Alimwambia anakikandamiza kigoda mno, ndiyo maana kinakwaruza. Akasema marehemu mama yake alikuwa akikishika kama anayeshika mtoto anayelala. Akamwambia aanze tena. Walisikiliza wote, Mama Zita na mwiko wake.

Alipotoka alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeuziwa kitu asichokitaka.

"Hiyo moja naichukua," akasema. "Moja tu, siku moja kwa wiki. Nyingine siziwezi, Madam, na usimwahidi mtu."

Walikwenda ofisini kwa Mkuu. Tusekile alieleza yote, pamoja na kura na stoo ya kuni. Mwalimu Nestory alisikiliza akiwa ameshika kidevu. Akasema sharti lake wanalijua: anayekuja apokee mzigo wote. Tusekile akasema ndivyo itakavyokuwa.

"Sasa nimkabidhi nini?" Mkuu akauliza.

"Kilichobaki, Mkuu. Chungu na kigoda."

Mwalimu Nestory alisimama, akatazama nje dirishani. Ng'ombe wa Ngeleja walikuwa wamefika kwenye nguzo za goli. Alisema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa akijua siku moja klabu zitaanguka zote pamoja, hakujua tu kama angekuwapo kuziona. Akarudi kwenye kompyuta. Mtandao ulikuwa haupo. Akaahidi kubonyeza Jumatatu, na Jumatatu akabonyeza kweli, na mahali pa maoni akaandika sifa ndefu ambazo hakuwahi kumwambia usoni.

Majibu yalichelewa, kama yanavyochelewa siku zote. Katikati ya kungoja, Tusekile alikwenda kwa walimu wenzake mmoja mmoja kuulizia kama kuna anayeweza kushika skauti, au hata miche tu. Mwalimu Shedrack alisema angefikiria. Wengine walimtakia safari njema. Hakuwalaumu. Alimwandikia Shigela barua ya kumtambulisha kwa miaka aliyoongoza skauti, akaipigia muhuri. Skafu alizifua zote, akazianika kwenye uzio, na kwa siku nzima ungedhani kuna sherehe.

Barua ya uhamisho ilipotoka hakukuwa na kuagana kwa hotuba. Alikabidhi funguo za stoo, Mama Zita akampa maharage ya kupeleka nyumbani, na asubuhi alipokuwa anatoka getini na mizigo yake Mzee Ezekiel alimwuliza kama agonge. Tusekile akamwambia asigonge, watoto wako kwenye vipindi.

Sasa hivi Ijumaa ni siku tulivu kwetu. Nyuma ya jiko Mwalimu Isdori hukaa na watoto wa ngoma mpaka jua linapoinama, kisha huwasha pikipiki na kwenda Kaengesa. Coleta na Shigela wamemaliza. Uwanja ni wa Ngeleja.

Juzi Tusekile alimpigia Mama Zita simu. Mama Zita huweka sauti kubwa, kwa hiyo tulisikia wote tuliokuwa jikoni. Tusekile alisema miguu imepungua kuvimba. Gift ameanza Kidato cha Kwanza kwenye shule hiyohiyo anayofundisha yeye, na shuleni anamwita Madam kama wenzake, ila nyumbani bado wote wawili wanajifunza jina la kuitana. Alisema mkuu wake mpya alimwita ofisini wiki ya kwanza, akamwonyesha sifa zile alizoandikiwa huku, akamweleza kwamba shule yao imekuwa ikitafuta mtu wa klabu kwa muda mrefu.

Mama Zita aliacha kukoroga. Akauliza amejibu nini.

"Nimemwambia naweza moja. Moja tu."

"Ipi sasa, mwanangu?"

Akasema hajachagua, labda ile yenye watoto wachache. Halafu tukasikia mlango unafunguliwa na mtoto anauliza chumvi iko wapi, na Tusekile akasema atapiga baadaye, anaitwa.